Mwaka Tuliopanda Vumbini

Enzi zetu, na ninyi mliokulia pande za Itigi mnanielewa, mwaka mpya haukuja na fataki wala ujumbe wa simu wenye maua yanayometameta. Ulikuja na kipande cha reli. Kanisa letu halikuwa na kengele. Lilikuwa na kipande cha reli kuukuu kilichoning'inizwa kwa waya, na mzee wa kanisa alikigonga kwa nati kubwa mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaanza kulia. Ukisikia mlio ule asubuhi ya tarehe moja Januari, ulitakiwa uwe umeshaoga, umepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, na umevaa gauni lako la Krismasi. Gauni lenyewe lilishonwa kubwa makusudi, eti utalikulia. Na kweli ulilikulia. Mwaka wa kwanza lilikufika vifundoni, wa pili magotini, wa tatu likawa blauzi, na wa nne alilivaa mdogo wako.

Baada ya ibada tuliingia nyumba hadi nyumba kusema heri ya mwaka mpya, na hatukuuliza mwenye nyumba ni Mkristo au Mwislamu, kwa sababu andazi halina dini. Shikamoo ilitolewa kwa kila mtu mwenye mvi, hata aliyekaa mbali. Ukimpita mtu mzima bila kumwamkia, habari ilifika nyumbani kabla yako, na fimbo ilikuwa inakusubiri mlangoni. Vijana wa leo wanakupita na vitu masikioni, wanatikisa kichwa kidogo, wewe unabaki hujui kama umesalimiwa au ni wimbo tu umewakolea.

Maisha yetu yalikuwa hayo. Asubuhi shule, na kidumu cha maji mkononi, na ufagio wa majani ambao mwalimu wa zamu aliukagua kama askari anavyokagua bunduki. Mchana ugali wa uwele na mlenda, ule mlenda mkavu wa kusaga, unaovutika kutoka kwenye sahani mpaka mdomoni na bado haujakatika. Jioni michezo ya mdako na rede, na kukimbilia njia ya reli kupungia mikono abiria tusiowajua. Treni ikiisha kupita tulibishana nani amepungiwa. Mdogo wangu Yona, aliyenifuata kwa miaka miwili, kila siku alidai amepungiwa na dereva mwenyewe.

Baba yetu alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magogo aliitundika ndani ya vichaka vya Itigi, vile vizito ambavyo hata mbuzi huvipita kwa kuinama. Mama alikuwa mkulima na mtu wa maombi. Maombi yake aliyaanza kwa Kiswahili, kwa adabu, kama mtu aliye mbele ya mkuu wa wilaya. Yakimzidi alihamia Kinyaturu, lugha ya kwao, na hapo sisi watoto tulijua mambo ni mazito.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kanisani kwetu kulikuwa na desturi ya mbegu. Siku ya kwanza ya mwaka kila nyumba ilipeleka mbegu zake madhabahuni, wengine kwenye ungo, wengine kwenye kikapu, wengine wamezifunga kwenye pembe ya khanga. Mwinjilisti aliziombea, kisha kila mtu alizichukua akaenda nazo shambani. Miaka mingi jambo hilo lilikuwa jepesi, maana kufikia Januari mvua zilikuwa zimeshanyesha na uwele umeshafika magotini. Mbegu tulizopeleka zilikuwa masalio tu, za kuziba mapengo. Mtu humpa Mungu masalio bila kutetemeka hata kidogo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi, na mvua haikuja. Novemba ilipita kavu. Desemba ikapita na upepo tu. Maua ya porini hayakuchanua, kwa hiyo nyuki walihama na mizinga ya baba ikabaki makazi ya mijusi. Ghala letu lilifagiliwa mpaka pembeni. Mama akawa anakwenda kuwafulia nguo watumishi wa stesheni, jioni anarudi na kibaba kimoja cha unga, na kibaba hicho kilipikwa uji mwepesi ambao ungeweza kuona sura yako ndani yake. Krismasi ile hatukula kuku. Tulikula ubuyu na kuimba sana.

Chakula cha kweli kilichobaki ndani ya nyumba kilikuwa juu ya meko. Wakulima wa kwetu hawaweki mbegu kwenye gunia. Huchagua masuke mazuri ya uwele, huyafunga matita na kuyatundika jikoni juu ya moto, ili moshi uyalinde na wadudu. Matita yetu yalikuwa sita. Kila siku tulikaa chini yake tukiyatazama, meusi kwa masizi na yamejaa punje. Eliya, kitinda mimba wetu aliyekuwa na miaka mitatu, aliacha kucheza. Alikaa tu kwenye mkeka akifuata watu kwa macho. Shingo yake ilikuwa imekonda hivi kwamba mama alipombeba alimshika kichwa kama wanavyoshikwa watoto wachanga.

Siku moja kabla ya mwaka mpya baba aliingia jikoni mchana, akayatazama matita yale, kisha akasema kwa sauti ya chini, maana hakuwa mtu wa makelele.

"Mama Debora, teremsha masuke tumpikie mtoto. Mtoto hali imani."

Debora ndiye mimi. Nilikuwa nachambua majani pale mlangoni, nikaacha. Namshukuru Mungu kwamba niliacha, maana nilichosikia baadaye kimenilea kuliko shule zote nilizosoma.

 Mama alikoroga uji, akaonja, ndipo akasema, "Baba Debora, tukizila mbegu leo tutashiba siku nne. Siku ya tano utamwomba Mungu aoteshe nini?"

"Na mvua iko wapi ya kuotesha?"

"Mvua si kazi yangu. Kazi yangu ni mbegu iwe ardhini ikija."

Baba alitoka akaenda kukaa kwenye kivuli cha nyumba. Simlaumu. Nimezaa na mimi, na najua mtoto wako akikutazama kwa macho yale, mtu yeyote anayekuambia habari ya imani unaweza kumrushia mwiko.

Asubuhi ya tarehe moja mama aliyateremsha matita yote sita. Akayapiga, akapepeta, akapata karibu debe moja la uwele. Mimi na Yona tulisimama pale tukidhani atabakiza walau bakuli moja la Eliya. Hakubakiza. Alichanganya mbegu na majivu, akazitia kwenye kikapu, akajitwika. Kanisani siku ile vikapu vilikuwa vichache, na ndani yake mlikuwa na kiganja cha mahindi, kiganja cha mtama, dalili tu. Kikapu cha mama peke yake ndicho kilichojaa. Watu walikitazama, kisha wakamtazama yeye, na macho yao yalisema mwanamke huyu amechanganyikiwa. Mwinjilisti mwenyewe alipokigusa alisita kidogo.

Kutoka kanisani hatukurudi nyumbani. Mama alitupeleka shambani na nguo zetu za sikukuu. Ardhi ilikuwa ngumu, jembe likiigonga linarudi. Mama alichimba vishimo vidogo, mimi nikatia punje, Yona akafukia kwa kisigino. Kila hatua vumbi lilipanda mpaka puani. Tulifanya kazi siku tatu. Kupanda namna ile, kabla ya mvua, tulikuita kupanda vumbini, na wazee walikujua, ila hufanywa mawingu yakiwa yameshaonekana. Kupanda vumbini chini ya anga jeupe kama sahani, tena mbegu zote, hakuna aliyewahi kuona. Fundi baiskeli wa pale njia panda, mzee mwenye ulimi wa pilipili, akatangaza kwa kila mteja kwamba Mama Debora anawaandalia kanga wa porini sikukuu.

Alikuwa na haki kidogo. Mbegu kavu ikikaa ardhini inaliwa na kila mwenye mdomo. Kanga wa porini hufukua, kwale hufukua, panya wanabeba, kuku wa majirani nao hawajui mipaka. Kwa hiyo sisi watoto tukapewa kazi ya kulinda shamba lisilo na kitu. Tulipewa debe bovu na vijiti viwili, tukawa tunazunguka mchana kutwa tukipiga na kuimba nyimbo za kwaya. Wapita njia walisimama kutushangaa. Hebu fikiria unapita unaona watoto wawili wanaimba haleluya kwenye vumbi tupu.

Jirani yetu Mama Zaituni, mjane wa Kiislamu aliyekuwa na kuku wengi na moyo mpana, alikuja siku ya kwanza akatazama shamba, akarudi kwake. Jioni yake aliwafunga kuku wake wote kamba mguuni, akawafunga kila siku mpaka mwisho, akiwapelekea maji na takataka za kudonoa pale pale walipo. Mama alipokwenda kumshukuru, alicheka. "Mungu ni wetu sote, mama. Kuku ndio wangu."

Sasa naungama. Siku ya saba ya ulinzi njaa ilitushinda. Yona alisema tuonje kishimo kimoja tu. Tulifukua kimoja, tukafukua cha pili, na tulipozinduka tulikuwa tumefukua vishimo kumi na kimoja. Tulizikaanga punje zile juu ya kipande cha bati, tukazila na majivu yake na mchanga wake, na sijawahi tena kula kitu kitamu hivyo. Hofu ilikuja baadaye. Zilikuwa zimeombewa! Yona alianza kulia kwamba uwele utaota tumboni na kumtokea masikioni, na mimi, dada mkubwa mwenye akili, nilimshauri asinywe maji. Alikaa na kiu mpaka jioni, maskini.

Mama alipokuja alitembea kwenye mistari, akasimama, akachuchumaa. Tulimwambia ni kanga. Aligusa alama kwenye udongo.

"Kanga hana vidole vitano," akasema.

Nilisubiri kofi. Badala yake mama alikaa chini vumbini, akaficha uso kwa khanga yake, mabega yakatikisika, na mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka. Nadhani yote mawili. Aliponyanyuka alisema, "Njaa si dhambi. Lakini mmekula uji wa Eliya. Kesho pigeni debe kwa nguvu zaidi." Na kishimo hata kimoja hakikuzibwa, kwa sababu hakukuwa na mbegu ya kuzibia. Sikula kitu tena shambani kwetu mpaka mavuno, hata jani.

Siku ya kumi na mbili, saa sita mchana, kikaja kitu kibaya kuliko ukame. Manyunyu. Kwa wasiojua kilimo mtasema ndiyo baraka imefika. Hapana. Mvua ya kudanganya ikilowesha mbegu, mbegu inaamka, inatoa mzizi, kisha jua linarudi na kuiua, na hapo hakuna cha kupanda tena. Matone yalidondoka kwa muda wa kuchambua mboga, yakakata. Baba alitoka nje, akakanyaga udongo uliokuwa na madoadoa, akasema kimya kimya, "Imekwisha." Kisha akaenda shambani, mama nyuma yake, sisi nyuma ya mama. Mama alipiga magoti, akafukua kishimo kwa kidole. Unyevu ulikuwa umeishia juu. Chini mbegu zilikuwa kavu kabisa, ngumu, zimelala. Aliziweka kwenye kiganja cha baba. Baba alizigeuza, akaingiza jino kwenye moja, ikalia ka. Akazirudisha ndani ya kishimo mwenyewe, akazifukia kwa mikono yake.  Na tangu siku ile alianza kuja shambani asubuhi.

Mvua yenyewe ilikuja siku nne baadaye, alasiri. Kwanza upepo ulitulia, ukatulia mno mpaka kuku wa Mama Zaituni wakanyamaza kwenye kamba zao. Kisha tukasikia mabati ya stesheni yakilia. Nyumba yetu ilikuwa ya tembe, ina udongo juu, haina sauti, kwa hiyo sisi mvua tuliisikia kwanza kwenye mabati ya wenzetu. Sauti ile ilitembea kuja kwetu, nyumba baada ya nyumba, na harufu ya ardhi ikaitangulia. Baba alikuwa shambani na sisi. Tone la kwanza lilimpiga kwenye paji la uso. Akaninyang'anya debe, baba yangu, mtu asiyepandisha sauti, akaanza kulipiga na kucheza, anazunguka kwenye mistari, suruali imelowa, anaimba wimbo wa kwaya ambao maneno hakuyajua, anaweka maneno yake. Yona alifungua kinywa akanywa mvua bila hofu tena ya masikio yake. Mama alisimama katikati na Eliya mgongoni, mikono juu, na Kinyaturu kilikuwa kinamtoka kwa kasi ambayo sikuwahi kuisikia. Ilinyesha mpaka jua likazama.

Siku ya tano baada ya mvua uwele ukachungulia. Mistari ilinyooka shamba zima, kijani juu ya wekundu, isipokuwa mapengo kumi na moja upande wa kaskazini, ambayo mimi na Yona tulipita mbali nayo. Majirani ndiyo kwanza walikuwa wanatafuta mbegu na majembe. Wengi walipanda mwishoni mwa Januari, wengine Februari. Na mwaka ule mvua iliyochelewa kuja ikawahi kuondoka. Machi katikati ikakata. Mashamba yaliyopandwa baadaye yalinyauka yakiwa kiunoni. Letu lilikuwa limeshatoa masuke, linasubiri kukauka tu.

Tulivuna. Jamani, tulivuna! Ghala lilijaa, na uwele uliozidi ukawekwa chumbani kwa wazazi, wakalala miguu imekunjwa. Eliya alinenepa mashavu mpaka macho yakapotea. Baba alichagua masuke ya mbegu kwa mkono wake, akayafunga matita kumi na mbili, akayatundika juu ya meko bila kuambiwa na mtu.

Lakini ushindi ninaoukumbuka kuliko ghala ni wa asubuhi moja, wiki chache baada ya mavuno. Fundi baiskeli alikuja kwetu na ungo mtupu. Mzee yule alimzidi mama kwa miaka isiyopungua ishirini. Alivua kofia akiwa bado uani, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, Mama Debora."

Mama alishtuka kama amemwagiwa maji. "Baba, usinifanyie hivyo. Shikamoo mimi!"

"Siiondoi. Mimi nilikaa na umri wangu wote nikasubiri mawingu."

Mama hakuitikia marahaba, haikuwezekana, dunia ingepinduka. Alichukua ungo wake akaujaza uwele mpaka ukamwagika, na wiki ile alijaza nyungo nyingi nyingine. Mwaka uliofuata, tarehe moja Januari, wa kwanza kufika madhabahuni na kikapu alikuwa baba.

Leo naishi Singida mjini. Nimefundisha shule miaka mingi, nimestaafu, na mama ametangulia mbele za haki. Eliya ana watoto watano na kitambi, na ukimwambia alikuwa na shingo kama bua la uwele anakataa. Mwaka mpya siku hizi wanangu wanaandika malengo kwenye simu, wanaweka picha ya gari na picha ya ufukwe, na ukiuliza wanaanza lini wanasema wanasubiri mambo yakae sawa. Wana kitu kwenye simu kinachowaambia mvua itanyesha saa ngapi, na hata hivyo wanalowa. Sisi hatukuwa na hicho. Tulikuwa na mwanamke anayejua kazi yake ni ipi na ya Mungu ni ipi.

Lakini nisiwaseme watoto peke yao. Nina shamba la baba kule Itigi, na tangu nistaafu kila mwaka nimesema nitalima alizeti. Kila Januari nimesubiri. Nimenunua mbegu, nikapanda nusu, nusu nikaiweka stoo, kwa usalama. Mama hakuwa na stoo. Mimi mwenye pensheni, mwenye paa la bati na chakula cha wiki tatu kabatini, nimekuwa mwoga kuliko mwanamke aliyekuwa na debe moja na mtoto anayekonda mgongoni. Nimelisema hilo kwa aibu, na nimelisema kwa sababu najua tuko wengi.

Mwaka huu mvua imechelewa tena. Tarehe moja nilipanda gari kwenda Itigi na mbegu zangu zote, nikazipitisha kanisani, watu wakanitazama yale macho ninayoyajua. Wanangu walinipigia simu wakasema mama, subiri, wataalamu wanasema wiki ya tatu. Niliwaambia wawasalimie wataalamu. Tulipanda siku mbili, mimi na vibarua wawili, magoti yakinilalamikia kila mstari. Ninapoandika haya ni siku ya tisa. Anga ni jeupe, hakuna wingu hata la kusingizia, na mbegu zimo ardhini. Sikubakiza hata kikombe.